Gari la Seng Linagonga Wapi?

Pale Tringkap, kijiji cha mlimani juu ya mji wa Ipoh, barabara ya lami inapopinda kuelekea mashamba ya kabichi, kuna banda la kahawa la Kader, na mbele ya banda kuna benchi refu la mbao ambalo mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mapaa ya plastiki ya mashamba ya nyanya, wenye benchi lao huwa wameshafika. Wa kwanza ni Diseli. Kwenye kitambulisho ni Zainal, mtu aliyeteremsha malori ya mboga hadi Ipoh mpaka mgongo ulipomgomea. Wa pili ni Redio, kinyozi, ambaye jina lake la Foo sijui kama hata mkewe analikumbuka, maana tangu azaliwe hajapata kuzimwa. Wa tatu ni Daktari. Huyu Arokiasamy hakusomea udaktari hata siku moja. Alikuwa akifunga vidonda katika zahanati ya shamba la chai, ila alistaafu pamoja na kile kipimo cha kusikilizia moyo, na mpaka leo anatembea nacho shingoni kama mtu anayengoja kuitwa wodini. Hakuna kesi iliyowahi kuwashinda watatu hao, iwe ya ndoa, ya mbolea au ya serikali. Siku hiyo kesi ilikuwa ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa mbele yao, ng'ambo ya mtaro. Ni lile la zamani la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lisilo na milango wala kioo cha nyuma, ambalo huku mlimani karibu kila mkulima anarithi moja au anaazima moja. Mwenyewe, mzee Seng, alikaa mwisho wa benchi na kikombe cha kahawa ambacho hakukinywa. Alikuwa ameshapiga simu Ipoh. Mnunuzi wa magari mabovu alikuwa njiani, anakuja na lori lake kulibeba.

Wote pale walijua maana yake. Shamba la Seng liko juu kabisa, mwisho wa kile kilima cha udongo mwekundu, na mzee wa umri wake hashuki na tenga la kabichi mgongoni. Gari likiondoka, shamba limekwisha. Shamba likiisha, kule Kuala Lumpur mwanawe amekwisha kumwandalia chumba, ghorofa ya juu sana, chenye dirisha linalotazama dirisha la watu wengine. Seng alikwenda kukiona, akasema ni chumba kizuri, na tangu siku hiyo amekuwa akilala vibaya. Hakuna aliyetaka kulizungumza hilo asubuhi ile, kwa hiyo wakazungumzia kelele za gari.

— Hebu tueleze tena, alisema Diseli. Linagongaje?

Seng alieleza kwa mara nyingine, taratibu, kama mgonjwa aliyezoea kuulizwa. Kwenye lami linalia kra-kra-kra, chini mbele, na ukiongeza mwendo nalo linaongeza. Ukitoa gia kelele haziachi. Halafu likifika kwenye udongo, ukaingiza gia ya kuvuta kwa yote manne, magurudumu ya mbele yamekaa tu kama wageni waalikwa, ya nyuma ndiyo yanachimba mashimo. Juzi lilimkwamia katikati ya kilima, akalirudisha kinyumenyume mpaka chini, roho mkononi.

— Hiyo ni krosi, kile kiungo cha shafti, alisema Diseli, akaweka kikombe chini kuonyesha kwamba kesi imefungwa.

— Krosi zimebadilishwa zote.

— Nani kabadilisha?

— Fundi wa kule chini.

— Basi zimebadilishwa vibaya. Yule mimi simpi hata baiskeli.

Daktari hakukubali. Alivua koti, akatandika gunia, akaingia chini ya gari na kipimo chake masikioni, na Redio akaambiwa alisukume gari mbele kidogo, nyuma kidogo. Walimwona Daktari miguu tu. Alipotoka alikuwa na grisi kwenye paji la uso na sura ya kuleta habari mbaya kwa jamaa wa mgonjwa. Alisema difu la mbele, lile boksi la gia katikati ya magurudumu, limeisha meno. Kwa umri wake ni jambo la kawaida, alisema, hata yeye mwenyewe siku hizi anachovya mkate kwenye chai kabla ya kuutafuna.

Seng alisema mafuta ya difu yamemwagwa mbele ya macho yake, hayakuwa na chembe ya chuma. Meno yakivunjika si lazima yaonekane?

— Yameyeyuka, alisema Daktari.

Kader, aliyekuwa akivuta maziwa ya kopo na kahawa kutoka kikombe hadi kikombe, alicheka mpaka akamwaga. Redio akaona zamu yake imefika, na Redio akipewa zamu hairudishi. Alisema wote wawili wanapapasa tu. Yeye amewanyoa mafundi wengi, na mtu kichwa kikiwa mkononi mwa kinyozi husema mengi. Zamani, alisema, mtu akitaka kuuza gari linalolia, alikuwa akishindilia unga wa mbao na maganda ya ndizi ndani ya giaboksi. Gari linanyamaza kama lina haya. Mnunuzi anafurahi, anaondoka nalo. Ndizi zikiisha, kelele zinarudi.

— Gari hili ninalo tangu wewe hujajua kushika wembe, alisema Seng.

— Zilikuwa ndizi nzuri.

— Miaka yote hiyo?

— Siku hizi ndizi zina dawa, anko. Zamani ndizi zilikuwa ndizi.

Hapo Diseli aliona krosi zake zinasahaulika, akaamua kutumia silaha nzito. Aliuliza kama kuna mtu anayejua gari hili lilikuwa la nani kabla ya kuwa la mboga. Hakungoja jibu. Lilikuwa la jeshi, alisema, enzi zile za vita vya msituni, watu wa msituni wakiyavizia magari kwenye kona za chini kule. Na fremu ya gari kama hili ni uwazi mtupu ndani, kama mwanzi. Risasi iliingia humo, ikakwama kwenye kutu, ikatulia. Sasa mashimo ya barabara yameizindua. Inabingirika humo ndani kutoka mbele kwenda nyuma.

— Mbona inalia mbele tu? aliuliza Kader.

— Kwa sababu tunaishi mlimani. Kila safari ni kuteremka.

— Na kupanda je?

Diseli alimtazama muuza kahawa kwa huruma, akasema mambo ya jeshi hayaelezwi kwa kila mtu. Daktari alikuwa ameshachukua kijiko cha chai. Alipita akiigonga fremu, kipimo kikiwa sikioni, kidogo kidogo, kutoka bampa hadi nyuma, na benchi zima likanyamaza kumsikiliza anayesikiliza. Wanawake wawili waliopita na matenga ya vitunguu vya majani walisimama nao wakanyamaza, bila kujua wananyamazia nini. Daktari alipofika mwisho alikunja kipimo chake na kusema kwamba risasi haisikiki, ila hii haina maana kwamba haipo.

Seng alicheka kidogo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu aamke, na moyoni aliwashukuru. Alijua wanachokifanya. Watu wazima wamekaa kwenye baridi wanagonga gari kwa kijiko ili yeye asitazame barabara ya kutokea Ipoh. Lakini macho yake yalikuwa yanakwenda huko huko.

Redio akashusha sauti, jambo ambalo kwake ni nadra.

— Anko Seng. Hizi kelele zilianza lini?

Seng alizungusha kikombe chake. Alisema zilianza mwishoni mwa mvua za mwaka jana.

— Baada ya shangazi, alisema Redio. Shangazi ndivyo wote walivyomwita marehemu mke wa Seng.

— Baada yake.

— Basi mimi nasema ukweli, na mkitaka nipigeni. Shangazi kuna kitu anaomba.

Diseli alikohoa, akasema wafu waachwe wapumzike. Redio naye akasema hamwingilii mtu katika dini yake, ila kwao hilo linajulikana. Mjomba wake alipofariki, cherehani yake ilikuwa ikigonga yenyewe ukutani, hakuna fundi aliyeiweza, mpaka walipomnunulia cherehani ya karatasi wakaichoma ili imfikie. Siku hiyo hiyo kimya. Shangazi alipanda gari hili maisha yake yote. Huko aliko anatembea kwa miguu. Achomewe gari la karatasi, mambo yatakwisha.

Walidhani Seng atakasirika. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ya kawaida:

— Nilimchomea. Siku ya kufagia makaburi.

— Na bado linagonga? aliuliza Redio.

— Nilikwenda dukani Ipoh nikaulizia la zamani kama hili. Hawana. Wana yale marefu meusi ya mawaziri tu. Nikamchomea hilo. Seng alitazama gari lake, akaendelea: Sijui kama amelipanda. Lile lina milango. Hajazoea.

Kader aliinamisha birika juu ya kikombe cha Diseli, zikatoka machicha, akarudi ndani kuchemsha nyingine bila kuulizwa. Seng alijuta kwa nini amesema. Kumtaja marehemu hadharani asubuhi namna ile kulikuwa hakujawahi kumtokea. Na wakati huo huo lori likachomoza kwenye ukungu.

Aliyeshuka alikuwa mwanamke mnene, mwenye asumini kichwani na viatu vya mpira miguuni. Alijitambulisha kwa jina la Thavamani. Yeye na kaka zake, alisema, wana uwanja wa magari ya zamani kule Ipoh. Kaka zake huuza na yeye hununua, kwa kuwa wao wakipewa kazi ya kununua huja na makopo. Aliwasalimu wote, akamwita Seng anko, akamtaka radhi kwa kuchelewa. Seng alimwita akka, kama anavyomwita dada yeyote wa Kitamil anayemheshimu, akasimama kumwonyesha, ingawa gari lilikuwa peke yake pale na halikuhitaji kuonyeshwa.

Thavamani hakuuliza habari za kelele. Alisema dereva wake ataweka mbao za kupandia nyuma ya lori, na yeye atalipandisha gari kwa injini yake lenyewe. Kwanza ayaachie magurudumu ya mbele. Akachuchumaa upande uliokuwa karibu naye, upande wa kushoto, akapitisha vidole katikati ya gurudumu.

Mtu asiyekulia na magari haya aambiwe hapa. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kitasa cha chuma, kipana kama kisosi, kinachozungushwa kwa mkono. Ukifika kwenye udongo unakifunga, gurudumu linashikana na mtambo na kuvuta. Ukirudi kwenye lami unakifungua, linapumzika, linabingirika tu. Viko viwili, kulia na kushoto, na ndani ya gari hakuna swichi ya kuvigeuza. Lazima mtu ashuke.

— Hiki kiko wazi tayari, alisema Thavamani.

Akazunguka upande wa kulia, akachuchumaa tena. Alikaa huko kidogo zaidi.

— Hiki kimefungwa, anko.

— Hicho ndicho changu, alisema Seng. Nimekiacha kimefungwa moja kwa moja. Gari lilianza kukataa kupanda, nikasema nisihangaike kukifungua kila siku.

Thavamani aliinuka. Alimtazama Seng, akatazama gurudumu la kushoto, akamtazama tena. Hakuwa na nia ya kumtega mtu. Aliuliza kama unavyouliza ufunguo uko wapi.

— Na cha kushoto hufunga nani?



Kwa Diseli, cha kushoto hufunga mkewe. Kwa Redio, mkewe, na miezi ile mkewe alipokuwa na mimba kubwa, dada wa mkewe. Kwa kila mkulima wa kilima kile ni hivyo, na hakuna aliyewahi kukaa akalipanga. Gari linafika chini ya udongo, linasimama. Anayeendesha anashuka kulia, mkewe anashuka kushoto, kila mmoja anainama kwenye gurudumu lake, kisha wanapanda na safari inaendelea, na hakuna neno linalosemwa. Wakati wa kurudi wanafungua vile vile. Miaka nenda miaka rudi. Wale mabingwa walikuwa wamemlaza Daktari chini ya gari hilo, wakaligonga kwa kijiko, wakalitafutia dawa ya karatasi ya kuchoma, na hakuna hata mmoja aliyepeleka mkono kwenye gurudumu la kushoto, kwa sababu mkono wa mwanamume wa huku haujui njia ya kufika pale.

— Kiew Yin, alisema Seng.

Thavamani alisubiri, akidhani huyo Kiew Yin ataitwa. Kisha aliwatazama wale wengine usoni, akaelewa. Aliondoa mkono wake juu ya gari.

— Lini, anko?

— Mwishoni mwa mvua.

Alitikisa kichwa. Alipoanza kueleza alieleza kwa upole, na mambo yenyewe hayakuwa mengi. Kimoja kikifungwa na kingine kikiwa wazi, kwenye lami lile gurudumu la kulia linaburuza difu lizunguke bure, ndiyo hizo kra-kra. Na kwenye udongo, nguvu yote ya mbele inakimbilia upande ulio wazi, inapotelea hewani. Ndiyo maana halipandi. Akamwambia afungue hicho cha kulia, kisha aende na kurudi barabarani.

Seng alifungua. Alikwenda mpaka kwenye duka la mbolea, akageuza, akarudi. Wale watatu walikuwa wamesimama kando ya mtaro wameinamisha vichwa, na walichosikia ni injini na matairi.

— Zile krosi sasa zimejipanga, alisema Diseli, lakini alisema kwa kunong'ona.

Kader alitoka na birika jipya. Thavamani aliomba kikombe, akamwashiria dereva wake arudishe mbao. Redio, ambaye hawezi kuona jambo likaisha vizuri bila kuliuliza swali, alimkumbusha kwamba mzee alishakubali kuuza na kwamba yeye mwenyewe amelifuata gari kutoka mbali.

— Mimi nanunua yaliyokufa, alisema Thavamani, akaketi kwenye benchi, mahali pa Seng.

Seng hakushuka kunywa nao. Aliwaambia kuna kabichi juu zinazopasuka, akaondoka. Barabarani gari lilikuwa kimya, na ule ukimya hakuupenda. Miezi yote hii alikuwa akizilaani kelele zile, na sasa zimeondoka aligundua kwamba zilikuwa zikimshughulisha. Kiti cha kushoto kilikuwa pale karibu, sponji yake imebonyea.

Chini ya udongo alisimama. Alishuka upande wake, akainama, akafunga kitasa chake, akarudi akakaa, mkono kwenye gia. Akangoja. Gari lilikuwa na desturi ya kuinama kidogo kushoto Kiew Yin alipokuwa akipanda, na yeye alikuwa na desturi ya kuondoka akilihisi linainama. Alingoja gari liiname bila kujua kwamba anangoja, kama alivyokuwa akingoja kila siku tangu mvua ziishe, kisha kila siku akachoka na kuondoka.

Safari hii alishuka tena. Alipita mbele ya gari, akapiga magoti kwenye tope upande wa mkewe.

Hakujua kitasa kinazunguka upande upi. Maandishi yake yalikuwa yamefutika, yamelika kabisa, na chuma kilikuwa laini pale vidole vilipozoea kushika. Alijaribu kwa nguvu, kikakataa. Alijaribu upande wa pili, kikakubali kwa urahisi hata akaona aibu. Alibaki pale amekishika, na machozi yakamtoka, na kwa kuwa hakukuwa na mtu aliyaacha yatoke mpaka yakaisha yenyewe. Kisha alipanda, akaingiza gia, na magurudumu ya mbele yakauma udongo. Gari lilipanda kilima chote bila kuteleza.

Jioni alimpigia mwanawe simu. Alimshukuru kwa chumba, akamwambia akipangishe.

— Baba, nani atakusaidia huko?

— Nimefanya kazi yangu tu siku zote hizi, alisema Seng. Kumbe na ya mama yako ilikuwepo, na hakuna aliyekuwa akiifanya.